Siku Treni Yetu Ilipopita Katika Dunia Iliyojifungia

Mpendwa Atieno, rafiki yangu,

Kabla sijasema lolote, nikupe habari ambayo najua ungeniuliza kwanza: Achieng' amefika. Treni ilichelewa kama kawaida yake, nami nilikaa pale stesheni ya Kibera tangu alfajiri nikimkodolea macho kila mtu anayepita karibu na reli, mpaka mama mmoja anayeuza mayai ya kuchemsha akaniuliza kama hiyo reli nimeinunua. Lakini amefika. Alishuka na lile sanduku lako la bati, shingo ndefu kama yako, akaangaza huku na huku, akaniona kabla mimi sijamwona. Sasa hivi amelala chumba cha ndani. Mimi nimeketi mezani karibu na cherehani, na moyo wangu umetulia kwa mara ya kwanza tangu tukuzike.

Najua marehemu hasomi barua. Mchungaji wetu akijua ninachofanya atanihubiria Jumapili nzima. Lakini wewe ulipokuwa hai hukuwahi kuniacha nimalize sentensi, ulinikatiza kila mara, kwa hiyo leo nitasema nami utasikiliza mpaka mwisho.

Nilipokuwa nangoja pale stesheni, ile safari yetu ilinirudia yote. Unakumbuka ulivyoingia katika ploti ya baba hapa Kawangware? Ulipewa chumba cha mwisho, kile cha karibu na choo, kwa sababu baba alisema watu wa kutoka ziwani wanapika samaki na ploti itanuka. Hukukaa wiki ukaniita kwako, ukaniwekea kichwa cha samaki mbele yangu, mimi binti wa Kikuyu ambaye kwetu samaki tulimhesabu pamoja na nyoka. Ukasema, "Kula, ama uende uambie baba yako umeshindwa." Nilikula mpaka macho yake. Tangu siku hiyo ulikuwa dada yangu, na hata ulipohamia Sarang'ombe, kule Kibera, uwe karibu na kazi, kila Jumapili baada ya kanisa nilikuwa nashuka Kibera kukutembelea, baba akinuna na mama akijifanya hajui ninakoenda.

Halafu redio ikaanza kutangaza kwamba jua litapatwa.

Wakati huo watu hawakuzungumza kitu kingine. Walisema mchana utakuwa usiku, walisema atakayelitazama jua atapofuka papo hapo, walisema watu wote wakae ndani na madirisha yafungwe. Kule kwenu Kibera vijana waliokota vipande vya vioo, wakavifukiza moshi wa mshumaa, wakaviuza kando ya reli. Huku kwetu Kawangware yule jirani yetu mwenye ndevu alihubiri kwamba ndio mwisho wa dunia, akachinja mbuzi wake wote asiwaachie wenye dhambi. Watu wa ploti walikula nyama siku tatu wakimsifu Mungu. Mimi nilicheka sana, nikidhani nitakukuta nawe unacheka.

Nilikukuta unafunga kikapu.

Ulikuwa na sababu. Mtoto wako wa kwanza, Ouma, surua ilimchukua macho kwanza, kisha ikamchukua yeye mwenyewe. Uliwahi kunisimulia mara moja tu, tukiwa tunafua nguo, jinsi alivyokuwa akipapasa uso wako ajue ni wewe. Baada yake ulibaki na Achieng' peke yake, na baba yao alikuwa amekwenda Mombasa kutafuta kazi akapotelea hukohuko. Achieng' ulimwacha kwa mama yako karibu na Miwani, kwa sababu chumba chako kimoja na kazi ya kulala kwa tajiri havikuweza kulea mtoto. Na mtoto mwenyewe alikuwa na tabia yake. Alipenda kulala chali uani akitazama juu mpaka machozi yamtoke. Ukimkataza anasema anataka kujua ndege wanalala wapi.

"Mama hana redio," uliniambia, huku mikono yako ikishindwa kufunga fundo la leso. "Hajui kitu. Na huyu mtoto ataangalia, Wanjiru. Mimi namjua. Ataangalia tu."

"Si utume mtu?"

"Nitume nani? Wewe unaona nani anasafiri wiki hii? Kila mtu anataka kujificha."

Kwa hiyo nikabeba kikapu chako nikakusindikiza. Na hapo ndipo lilipotokea lile jambo ambalo mpaka leo ndugu zangu wananitania nalo. Kwetu humsindikizi mtu ukaachana naye mlangoni kama mgeni. Unamfikisha, unamwekea mzigo wake mahali pema, unamwombea, unamwambia salamu za nyumbani, halafu unaanza kuzirudia upya. Treni ya jioni iliposimama Kibera niliingia nawe ndani ya behewa la daraja la tatu, nikakutafutia kiti cha dirishani, nikasukuma kikapu chini ya benchi, nikakushika mikono nikaanza kuomba. Nilikuwa nimefika kuwaombea wagonjwa na wafungwa nilipohisi sakafu inasogea. Nilipofumbua macho, mabati ya Kibera yalikuwa yanarudi nyuma, mimi nina malapa miguuni na aproni ya kushonea kiunoni.

"Ruka!" mtu mmoja alisema.

"Asiruke!" wewe ukasema. "Mungu amejibu. Nilikuwa naogopa kwenda peke yangu."

Yule mkaguzi wa tiketi alitufikia tukiwa tumeshapita Limuru. Alikuwa mtu mfupi mwenye kofia kubwa.

"Mama, tiketi."

"Mimi nasindikiza tu," nilimwambia, na ndio ulikuwa ukweli wenyewe.

"Unasindikiza mpaka wapi? Mpaka Uganda?"

Behewa zima liliangua kicheko, kisha likaanza kunitetea kwa kelele nyingi hata mtu wa watu akainua mikono. Alisema atanishusha Nakuru. Tulipofika Nakuru alikuwa amelala. Nilikuona unamtazama kwa mlango uliokuwa wazi, ukarudi ukiwa umeziba mdomo kwa leso, na ilikuwa mara ya mwisho kukuona ukicheka ndani ya treni hiyo.

Maana baada ya hapo treni ilisimama. Huko juu, kwenye baridi ya Molo, mabehewa ya mizigo yalikuwa yametoka kwenye reli mbele yetu. Tulikaa pale usiku kucha. Kama si hivyo ungefika asubuhi na mapema, ungekuwa na muda wa kutosha kumfungia Achieng' ndani. Badala yake jua lilichomoza likatukuta bado tumekaa, jua zuri safi kabisa, nawe ukalitazama kama mtu anayetazama jambazi amesimama mlangoni. Hukula. Hukutaka hata chai. Nilipokuambia mama yako ni mtu mzima mwenye akili, ulinijibu vibaya, na haki yako.

Njia ilipofunguliwa na treni iliposhuka upande wa pili wa milima, tulianza kuona kwamba kuna kitu kimetendeka kwa dunia. Stesheni ya kwanza tuliyosimama hapakuwa na mtu. Wewe unajua jinsi stesheni za huko zilivyo: ndizi, mahindi ya kuchoma, miwa, mama mwenye birika, watoto wanaopiga mbio kando ya madirisha. Siku hiyo hakuna. Beseni la ndizi lilikuwa pale chini, limeachwa na mwenyewe. Stesheni iliyofuata vilevile. Tulipita mashamba yenye majembe yaliyosimama udongoni bila mkulima. Tulipita barabara isiyo na hata baiskeli, na nyumba baada ya nyumba milango imefungwa, madirisha yamezibwa kwa magunia. Hata uani mwa kanisa tulilopita hakukuwa na mtu. Ndani ya behewa watu waliacha kuongea. Mzee mmoja aliyekaa mbele yetu akasema polepole, "Hawa watu wamechukuliwa, sisi tumesahauliwa," na hakuna aliyemcheka.

Ndipo yule mama mwenye masufuria akapata wazo. Alikuwa anapeleka nyumbani masufuria yake ya hoteli, meusi chini kwa miaka ya moto wa kuni. Akasema tupake masizi kwenye vioo, jua lisituone. Tukakwangua, tukachanganya na mafuta ya nywele ya wale waliokuwa nayo, tukapaka kila dirisha kwa viganja. Mkaguzi alipoingia alipandwa na hasira.

"Mnachafua mali ya serikali! Nani ameanza?"

Kila mtu akaficha viganja. Akatazama nje kupitia mlango, akaona mwanga umeanza kugeuka. Akavua kofia.

"Yamebaki?" akauliza. "Nipeni kidogo ya kule kwangu."

Mwanga ule, Atieno, sijawahi kuusimulia vizuri kwa mtu yeyote. Haukuwa wa jioni wala wa mvua. Ulikuwa kama rangi imeanza kutolewa kwenye vitu, kijani cha miwa kikawa kama majivu, na baridi ikaingia katikati ya mchana. Mbao za behewa zilikuwa na matundu ya misumari, na kila tundu lilitupa sakafuni alama ya mwanga. Alama hizo zilikuwa duara asubuhi. Sasa kila moja ilikuwa imeumwa upande mmoja. Majua madogo madogo yaliyoumwa yalikuwa yamejaa sakafuni, kwenye mabegi, kwenye mapaja yetu, nawe ukaanza kuyapangusa kwenye leso yako kama makombo, nayo hayatoki.

Na hapohapo treni ikasimama tena.

Ilikuwa stesheni ndogo, jina silisemi. Dereva alipiga honi mpaka masikio yakauma. Mkaguzi akatueleza kwamba reli ni moja, treni mbili haziwezi kukutana, kwa hiyo dereva hawezi kusogea mpaka mwenye stesheni ampe ruhusa mkononi. Na mwenye stesheni alikuwa amejifungia ofisini. Tulimsikia akipiga kelele kutoka ndani: "Ngojeni jua lirudi!"

Uliinuka. Nilikushika nguo. Ulisema, "Wanjiru, niache. Ouma sikuweza kumfanyia kitu. Huyu nitamfanyia," ukajitupia leso kichwani mpaka usoni, ukashuka. Sikuwa na leso. Nilijifunika aproni, nikakufuata, kwa sababu ningefanya nini, nibaki nikiomba?

Tulitembea kwenye ile platifomu tukitazama vidole vyetu vya miguu. Kuku walikuwa wamepanda benchi ya abiria wakalala. Mbwa mahali fulani alilia bila kukoma. Chini ya mti mkubwa uliokuwa pale, kila doa la mwanga lilikuwa lile jua lililoumwa, mamia kwa mamia, yakitikisika pamoja na majani, nasi tulikanyaga juu yake kwa miguu yetu. Hapakuwa na mtu mwingine duniani. Niliamini hivyo kabisa. Niliamini tumebaki wewe, mimi, treni iliyojaa masizi na mtu mmoja nyuma ya mlango.

Uligonga ule mlango kwa ngumi zote mbili.

"Ndugu yangu! Fungua!"

"Rudi ndani, mama! Utapofuka!"

"Mimi nipofuke, sawa! Niko na mtoto huko mbele! Mtoto mdogo, hana wa kumwambia! Wewe uko na watoto?"

Uligonga tena.

"Si nakuuliza? Uko na watoto?"

"Niko nao," sauti ikasema.

"Wako wapi?"

"Hapa ndani. Wote."

Ndipo ulipolia. Hukupiga kelele tena, uliegemea tu mlango ukalia, ukisema kwa sauti ya chini, "Wangu hayuko ndani, ndugu yangu. Wangu yuko nje." Nilikushikilia kiunoni.

Komeo likafunguka. Alitoka amejifunika blanketi gubigubi, mkono mmoja mbele anapapasa, mkono mwingine umeshika ile ruhusa ya dereva. Hakuona chochote. Tulimshika huku na huku, nasi wenyewe tukitazama chini, tukampeleka mpaka kwenye injini, vipofu watatu wa kujitakia. Dereva alinyoosha mkono akapokea. Behewa letu lilipiga makofi hata vioo vikatikisika.

Tulipofika Miwani rangi zilikuwa zinarudi. Jogoo waliwika mchana. Tulikimbia katika njia ya miwa, mimi malapa mkononi, na kila boma tulilopita milango ilikuwa inaanza kufunguka, watu wanatoa vichwa nje wakisalimiana kama waliorudi kutoka safari ndefu. Wewe hukumsalimu mtu. Ulikuwa unaita jina la mtoto kabla hata hujaiona nyumba.

Mama yako alitoka na mwiko mkononi.

"Nyinyi ni wazimu?" akasema. "Siku kama hii mnatembea na macho wazi? Chifu alipita hapa tangu juzi kusema watu wakae ndani!"

"Achieng' yuko wapi?"

"Ndani, na kuku. Nimefunga kila kitu."

Uliingia katika kile chumba cha giza ukapiga magoti. Achieng' alikuwa amekaa kwenye mkeka, kuku wamemzunguka, amenuna. Ulimshika uso, ukamgeuza kwenye mlango penye mwanga, ukainua mkono. "Nyathina, mwanangu, unaniona? Hivi ni vidole ngapi?"

Mtoto alinyoosha kidole akagusa pua yako. "Mama," akasema, "kwa nini uko na masizi kwa pua?"

Nimeshuhudia harusi, nimeshuhudia watu wakitoka hospitali, nilikuwapo siku bendera ilipopandishwa tukawa watu huru. Sijaona furaha kama ile. Ulicheka ukalia, ulilia ukacheka, ukamkumbatia mtoto pamoja na kuku mmoja aliyeshindwa kutoroka, na mama yako akasimama mlangoni na mwiko wake akiuliza kama Nairobi ndiyo inafanya watu hivyo. Sote wawili tulikuwa weusi usoni kama chini ya sufuria. Usiku huo tulikula samaki, nami nikala kichwa bila kulazimishwa. Baba aliponipokea nyumbani baadaye, alikuwa ameandaa maneno makali. Nilimsimulia yote. Akasema tu, "Na mtoto ni mzima?" Nikamwambia ni mzima. Akasema, "Basi," akaenda kufunga lango.

Sasa wewe umelala kule kwenu, kifua chako kimepumzika na kile kikohozi. Mwaka huu wote nimekuwa na hofu. Nilimwandikia kaka yako nikimwomba Achenge... tazama, hata jina naandika ovyo, machozi haya. Nilimwomba amruhusu Achieng' aje kwangu aanze fom wani, na kaka yako akanyamaza, mwezi baada ya mwezi, nikawaza watamwoza, nikawaza labda hawataki alelewe na mtu wa kabila lingine. Kumbe alikuwa anatafuta sare na viatu, maskini, anaona aibu kumtuma mikono mitupu. Ndiyo maana leo asubuhi, aliposhuka kwenye treni, niliketi juu ya sanduku lake mbele za watu.

Jioni hii tulikuwa tunaosha vyombo. Nikamsimulia ile safari, masizi, mkaguzi na kila kitu, nikidhani hakumbuki. Alizungusha kikombe kwenye maji.

"Auntie," akasema, "mimi niliangalia."

"Uliangalia nini?"

"Jua. Dani, nyanya yangu, alisinzia. Nikatoka nyuma, pale kwa mlango wa kuku. Nikaliona limeumwa, nikaogopa, nikarudi ndani mbio."

Kikombe nilichokuwa nacho kikaniponyoka kikatumbukia ndani ya beseni. "Na hukusema?"

"Nilikuwa nataka kusema. Lakini mama akakuja anacheka na analia. Nikaona nikisema ataacha kucheka."

Nilicheka, Atieno. Nilicheka mpaka wapangaji wakatoka nje kuuliza kuna nini. Halafu nikamshika uso kama ulivyomshika wewe, nikamgeuza kwenye taa, nikamtazama macho yote mawili kwa muda mrefu, akaniachia nimtazame. Ni mazima. Anasoma maandishi madogo ya gazeti kutoka upande wa pili wa meza, jambo ambalo mimi na miwani yangu hatuwezi.

Kwa hiyo ulikuwa umesema kweli, ataangalia, na aliangalia. Umbali wote ule, ngumi zote zile kwenye ule mlango, na kumbe wakati tunasimama pale kwenye platifomu alikuwa ameshaona na kurudi ndani. Miaka yote hii alikutunzia furaha yako. Usimgombeze. Nimeshamwambia kwamba hutamgombeza.

Lala sasa, dada yangu. Mtoto yuko ndani.

Rafiki yako,
Wanjiru, auntie wa Achieng'